Bei ya Siku Aliyokufa Orlan

Sehemu ya Saba

Aliigeuza.

Ndiyo, wewe msomaji uliyebisha wiki nzima kwamba Janelle Haugrud hatathubutu kuigusa karatasi ya mthamini, lipa dau lako. Aliigeuza kwa kidole kimoja, hivi hivi, mbele ya mdogo wake Curtis, juu ya meza ile ile ya jikoni ambapo baba yao alinywea kahawa maisha yake yote.

Upande wa pili kulikuwa na namba moja tu. Dola elfu thelathini na nane.

"Hii ndiyo nini?" akauliza Janelle.

"Ndiyo thamani ya haki zote za mafuta yaliyo chini ya shamba la marehemu," akajibu Royce Teague, mthamini kutoka Oklahoma, bwana mnene mwenye mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. "Kwa bei ya siku aliyokufa. Si bei ya jana, si bei ya kesho. Mambo ya mirathi ndivyo yalivyo."

"Trekta langu lina bei kuliko hii."

"Inawezekana kabisa, bibie."

Curtis akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Kwa wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikumegee kidogo. Mzee Orlan Haugrud, mkulima wa ngano na ng'ombe huko Dakota Kaskazini, alianguka zizini mwezi wa Machi asiamke tena. Wosia wake ulisema Janelle, aliyelima naye tangu alipokuwa msichana, arithi udongo. Curtis, anayeuza bima mjini Minneapolis, arithi kilicho chini ya udongo, yaani mafuta. Tena wawe sawasawa: ambaye fungu lake litazidi, amlipe mwenzake mpaka mizani ikae.

Sasa udongo ulishapimwa, milioni mbili. Kama mafuta ni elfu thelathini na nane, basi Janelle anadaiwa na mdogo wake karibu milioni nzima, na Janelle hana hata ya kubadilisha matairi. Angelazimika kuuza nusu ya shamba. Na Curtis, keshokutwa kisima kikichimbwa, angekula na mamilioni ya mafuta pia. Umeona ujanja ulipolala?

Janelle aliona. Alipaswa kupiga meza, alipaswa kutukana. Hakuhisi kitu. Tangu siku ya mazishi moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino. Aliitazama ile namba akawaza kama ndama wa zizi la chini wamepata maji.

"Dada, usinitazame hivyo," akasema Curtis. "Namba sikuiandika mimi. Hesabu ni hesabu."

"Sijakutazama wewe. Natazama dirisha."

"Wewe Curtis!" Sauti ilitoka kwenye kona karibu na jiko. Ilikuwa ya Mama Verna Skogstad, jirani, ajuza wa miaka themanini na ushei aliyekuwa akileta bakuli la viazi na nyama ya kuoka kila siku tangu msiba, na kila siku akibaki kusikiliza mpaka jua lizame. "Tangu utotoni ndiyo tabia yako. Ukipewa keki ugawe, unakata wewe na unachagua wewe!"

"Mama Skogstad, haya ni mambo ya familia."

"Mimi nilikubadilisha nepi, mwanangu. Endelea tu, sikusikilizi."

Janelle akageuka kwa mthamini. Sauti yake ilitoka bapa, haina moto wala baridi.

"Bwana Teague, hebu chungulia dirishani. Unaona ule moto?"

Ng'ambo ya mashamba, juu ya kisima cha mafuta cha jirani, ulimi wa gesi ulikuwa ukiwaka mchana kweupe.

"Nauona."

"Mashariki kuna mwingine. Kaskazini kuna mitatu. Mafuta yatoke kwa majirani wote, halafu chini yetu kuwe na maji ya kunawa miguu?"

"Bibie, sikusema hayapo." Teague akatandaza ramani, akaibonyeza kwa kidole kinene. "Tazama. Kampuni ya mafuta imepita kushoto kwenu, imepita kulia kwenu. Shamba lenu limerukwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu marehemu alikataa. Wakala wa kampuni alikuja Oktoba na mkataba wa kuchimba, mzee akasema hapana. Akarudi Desemba, mzee akasema hapana. Ikabidi wapange ramani upya bila nyinyi. Haki isiyo na mkataba, isiyo kwenye mpango, na mwenyewe hataki kusikia, nani atainunua? Mimi naandika bei ambayo mnunuzi mwenye akili timamu angetoa siku ile. Basi."

"Alikataa mara ngapi?"

"Mara mbili. Iko kwenye kumbukumbu za kampuni."

"Mbili tu?"

"Mbili tu? Kwetu Oklahoma mtu mzima akisema hapana mara moja imetosha. Ya pili ni ya kukusindikiza mlangoni, na ya tatu anakwenda kuchukua bunduki."

Mama Verna akaangua kicheko mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Jamani, huyu! Jana nimemwambia karibu kahawa, akasema ahsante akapokea. Mara ya kwanza! Nikashtuka, nikasema moyoni, maskini, pengine ana kisukari, kiu imemzidi."

"Sasa kosa langu nini?" Teague akauliza. "Si ulinikaribisha?"

Janelle aliinuka, akachukua sinia la keki ya chokoleti iliyoletwa na akina mama wa kanisani, akakata, akamsogelea yule ajuza.

"Mama Skogstad, karibu keki."

"Aa, hapana, mwanangu. Nimeshiba mpaka hapa."

"Kipande kimoja tu."

"Usijisumbue. Wape wageni, mimi nitakula nyumbani."

"Kidogo tu, mama. Tutaitupa bure."

"Haya basi, kama mtaitupa. Lakini kiwe chembamba."

Akapokea kipande kinene kama tofali, akakishambulia. Janelle akaweka kisu mezani.

"Umeona, Bwana Teague? Huku kwetu ya kwanza ni adabu. Ya pili ni kumpima mwenzako kama anatoa kwa moyo. Jibu ni la tatu. Baba yangu hakukataa mkataba wa kampuni. Alikuwa anasubiri kuulizwa."

Teague alimtazama Mama Verna, akaitazama keki, akaitazama ramani. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyegundua amevaa shati nje ndani tangu asubuhi.

"Mungu wangu," akasema. "Watu wa hapa mmepoteza visima vingapi namna hii?"

"Na waume," akasema Mama Verna, mdomo umejaa.

"Hadithi tamu hii," Curtis akadakia. Alikuwa amevua koti. "Lakini keki haiandikwi kwenye ripoti. Si ndivyo, Bwana Teague?"

"Kweli kabisa." Mthamini akajikuna kidevu. "Bibie, nakuelewa. Lakini mimi nahitaji ushahidi kwamba marehemu, akiwa hai, alikuwa tayari kukubali. Yule wakala alirudi mara ya tatu?"

"Hakurudi," akasema Curtis upesi.

"Umejuaje, nawe ulikuwa Minneapolis?" akauliza Janelle.

"Angerudi mkataba ungekuwapo! Uko wapi?"

Janelle akaenda kwenye friji. Kadi ya wakala ilikuwa imebanwa mlangoni kwa sumaku, pale pale baba yake alipoiweka. Wade Kimmel. Akaitoa, akachukua simu.

"Dada, mchana huu watu wanakula. Tusisumbue watu."

"Si umesema hesabu ni hesabu?"

Akaweka spika, asije mtu akasema ametia chumvi. Simu ikaita, ikaita tena, kisha ikapokewa kwa upepo mwingi.

"Kimmel hapa!"

"Mimi naitwa Janelle. Binti wa Orlan Haugrud."

"Oho, binti wa mzee! Habari za huko? Mzee hajambo?"

Janelle akafungua mdomo. Neno halikutoka. Wiki hizi zote wengine walikuwa wamelisema kwa niaba yake: daktari alilisema, mchungaji akalisema, Mama Verna akalisema kwenye simu kwa ndugu wa mbali. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka hata mara moja, na halikuwa likimuuma. Halikuwapo tu. Curtis alinyamaza pia, maana alikuwa akiombea wakala aseme sikurudi, akate simu.

"Nina swali moja, Bwana Kimmel," akasema hatimaye. "Baba alikukataa Oktoba, akakukataa Desemba. Ulirudi tena baada ya hapo?"

"Nilirudi! Wenzangu ofisini walinicheka, wakasema huyo mzee ni jiwe. Lakini nikasema nijaribu ya mwisho. Nilikuja Machi, tarehe kumi na moja, jioni."

Teague akainua kichwa. Orlan Haugrud alikufa tarehe kumi na mbili, alfajiri.

"Ikawaje?" akauliza Janelle.

"Nikamwambia, mzee, leo ni mara ya tatu, nikitoka hapa sirudi. Akacheka yule mzee! Akanimiminia kahawa, akaniambia, 'Haya basi, kama haitakuwa usumbufu kwako.' Tukapeana mikono pale pale jikoni. Mkono wake una nguvu, nusura anivunje vidole."

Teague hakungoja. Aliivuta karatasi yake, akaikata namba yake kwa mistari miwili.

"Ameridhia, amepeana mkono, siku moja kabla," akanong'ona, huku kalamu ikikimbia. "Basi shamba halijakataliwa. Shamba linaingia kwenye mpango. Na visima vile pembeni yake..." Akapiga hesabu pembeni ya ramani, akapuliza pumzi. "Bibie, bei ya siku ile si chini ya milioni mbili. Pengine na chenji."

Milioni mbili kwa milioni mbili. Mizani imekaa! Hakuna wa kumlipa mwenzake, na shamba limebaki zima. Mama Verna akapiga makofi, makombo yakaruka. Curtis alikuwa mweupe, sasa akawa mweupe zaidi.

Na Janelle? Alijua kwamba hii ndiyo furaha. Alijua kama unavyojua kuwa jiko lina moto kwa kuliona tu, bila kuligusa. Akasema, "Ahsante, Bwana Kimmel," akanyoosha kidole akate simu.

Laiti angekata.

"Karibu sana," akasema Kimmel. "Na msiwe na wasiwasi, saini nimeshaipata."

Kidole cha Janelle kikabaki hewani.

"Saini gani? Si umesema mlipeana mikono tu?"

"Na mzee, ndiyo. Alisema yeye ameridhia, lakini si mali yake tena hata aisaini. Alishaandika hati ya kuyatoa mafuta hayo mwezi wa kwanza, daktari alipomwambia mambo ya moyo wake. Akampelekea mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si Arlys!"

Hilo jina, msomaji, lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba hiyo kwa miaka thelathini. Arlys ndiye mama yao. Aliondoka Janelle akiwa na miaka kumi na sita na Curtis kumi na miwili, akaenda zake Spokane, asiandike, asiandikiwe. Na baba wa Arlys ndiye aliyewapa wanandoa wale shamba, siku ya harusi yao. Kila mtu wa rika la Mama Verna alilijua hilo, na kwa adabu zao zile zile hakuna aliyelisema.

"Uongo!" Curtis akaruka juu. "Nilikwenda ofisi ya ardhi ya kaunti mimi mwenyewe. Hakuna hati kama hiyo!"

"Haijapelekwa kusajiliwa," sauti ya Kimmel ikajibu. "Huyo nani? Hati iko kwenye mkoba wa Arlys. Nimeisoma, ina saini ya mzee na muhuri wa mthibitishaji."

Curtis akamgeukia Teague. "Haijasajiliwa! Si haina nguvu?"

Teague akavua miwani. Alikuwa mtu mwenye huruma, kumbe.

"Hati ni hati, kijana, ikishakabidhiwa. Kusajili ni kwa ajili ya kuwaonya wanunuzi wa nje. Watoto wa aliyeitoa hawawezi kuikana." Akaichukua ile karatasi yake, akaikata namba ya pili pia. "Mafuta hayamo kwenye mirathi. Siku anakufa hakuwa nayo. Mimi naandika sifuri."

"Kwa hiyo mimi nimerithishwa hewa?" Curtis akapiga kelele.

"Na hewa ya huku ni safi, Curtis," akasema Mama Verna.

"Nyamaza, mama! Kama ni hivyo udongo ndio urithi wote. Tunaugawa nusu kwa nusu. Dada, unasikia? Nusu!"

Janelle alisikia. Nusu ya ngano, nusu ya malisho, mstari wa seng'enge katikati. Alikuwa amerudi pale pale alipoanzia, na safari hii hakukuwa na namba ya kubishania. Alijaribu kumkasirikia baba yake, akashindwa hata hilo. Akasema tu, kwa sauti ile ile bapa, "Bwana Kimmel, uko wapi sasa hivi?"

"Nipo mjini kwenu hapa, kituo cha mafuta, najaza tangi. Tumetoka Spokane jana, tumelala njiani."

"Nyinyi na nani?"

"Na yeye! Si ndiyo nakwambia? Nimempelekea mkataba, akasaini, halafu akasema lazima aje mwenyewe amwone mzee. Yuko ndani ananunua peremende, anasema mzee alikuwa akizipenda. Ee, huyu hapa anatoka. Mama Arlys! Nyumbani kwa mzee hawa!"

Mlango wa gari ulisikika. Upepo ukapungua. Kisha sauti ya mwanamke, yenye mikwaruzo ya uzee, ikajaa jikoni.

"Orlan?"

Curtis akaitolea simu macho.

"Orlan, najua uko hapo, hupendi simu. Basi nisikilize tu. Hiyo hati yako sikuitaka. Mkataba nimemsainia huyu kijana kwa kuwa alikuwa ametoka mbali. Lakini hati nimekuja nayo, nakurudishia. Mkononi mwako wewe. Sio kwa watu wengine, sio kwa wakili. Wewe. Halafu tukae, tuzungumze, tumekuwa wajinga vya kutosha."

Teague aliangusha kalamu. Mama Verna alikuwa amejishika mdomo. Janelle akaisogelea simu, akafungua kinywa amwambie. Mama, Baba hayupo. Maneno matatu tu. Curtis akamdaka mkono.

"Usimwambie!" akamnong'oneza sikioni, macho yamemtoka. "Akijua amekufa anageuza gari, na hati anaondoka nayo. Mwache afike. Akishaingia humu ndani tutajua la kufanya."

"Curtis, niache."

"Hati ikirudi, mafuta yanarudi na shamba lako linabaki zima, dada! Unataka kulikata?"

"Orlan?" ikaita simu. "Mbona kimya? Au hutaki nije?"

Na hapo Curtis akafanya jambo ambalo hata Mama Verna, aliyembadilisha nepi, hakulitarajia. Aliinama juu ya simu. Akaishusha sauti yake kifuani, akaikausha, akaiburuta polepole.

"Njoo, Arlys," akasema. "Njoo nyumbani."

Ilikuwa sauti ya baba yao. Si ya kuigiza, msomaji. Ilikuwa yenyewe, na kile kikwaruzo cha mwisho wa neno, na ule uvivu wa mtu anayezungumza huku akivua buti mlangoni.

Janelle akashika ukingo wa meza. Kitu kikapasuka mahali fulani chini ya mbavu zake, na ganzi yote ya wiki zile ikamtoka kwa mkupuo. Baba amekufa. Baba amekufa, na hatavua buti mlangoni tena. Akaketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepewa habari za msiba dakika hiyo hiyo. Mama Verna akamrukia amzibe mdomo kwa aproni, naye mwenyewe analia.

"Orlan," ikasema ile sauti, safari hii polepole. "Nani huyo analia hapo?"